Siku za Kwanza za Mapadre Weupe huko Nyundo, na Funzo Lake kwa Mwenye Silaha

WAHENGA walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakasema tena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hizi mbili hazipingani hata kidogo. Ya kwanza yaeleza heri aletayo mgeni. Ya pili yaeleza wajibu umpasao akishakaa. Lakini ipo hali ya tatu: mgeni ajapo akiwa na bunduki nyuma yake, hata kama yeye mwenyewe ameshika rozari tu mkononi. Hapo mwenyeji hujiuliza: Huyu amekuja kuomba, au amekuja kutwaa?

Swali hilo liliulizwa na watu wa Bugoyi mwaka 1901, siku Mapadre Weupe walipofika katika kilima cha Nyundo. Kilima hicho kimo katika wilaya iitwayo leo Rubavu, kaskazini-magharibi ya Rwanda, si mbali na mji wa Gisenyi, mahali ambapo mto Sebeya unashuka kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu. Kituo kilichoanzishwa hapo kilikuwa miongoni mwa vituo vitatu vya kwanza vya Kanisa Katoliki katika nchi nzima ya Rwanda. Leo ni makao ya jimbo.

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba habari za mapadre ni za watu wa kanisa, nazo hazimhusu mtu wa kambini wala wa kituo cha polisi. Kwa kweli zinamhusu sana. Tangu siku ya kwanza ya safari ile alikuwapo askari. Alikuwapo njiani akilinda mizigo. Alikuwapo jina lake likitumiwa na watu wasiokuwa askari. Na alikuwapo siku damu ilipomwagika. Atakaye kujua jinsi ulinzi unavyoweza kujenga imani ya raia au kuibomoa, na aisome historia hii kwa makini.

WAGENI HAWA WALIKUWA NANI?

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo watu wengi wamelijua kwa jina la Mapadre Weupe, liliundwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa mji wa Algiers, nchini Aljeria. Jina hilo la "weupe" halikutokana na rangi ya ngozi zao, bali na mavazi yao. Lavigerie aliwaamuru wavae kanzu nyeupe na joho kama walivyovaa wenyeji wa Aljeria, na rozari shingoni. Aliwawekea pia kanuni nyingine ambazo hata mkuu wa kikosi angezitambua. Kituo chochote kisiwe na wamisionari wanaopungua watatu. Kila mmoja ajifunze lugha ya wenyeji, wala asitegemee mkalimani milele. Wale chakula kinachopatikana mahali walipo.

Msafara wao wa kwanza wa kuelekea Maziwa Makuu uliondoka mwaka 1878, ukapitia Unguja na Bagamoyo, kisha ukafuata njia ya bara kwenda Tabora. Mwezi Februari 1879 wa kwanza wao walikuwa wamekwisha kufika Buganda. Njia hiyo ilikuwa ya hatari: homa, njaa, wapagazi kutoroka na wanyang'anyi. Kwa sababu hiyo Lavigerie aliwaongezea mapadre wake watu wenye ujuzi wa kijeshi, waliokuwa wamepata kutumikia jeshi la Papa huko Roma. Mmoja wao, Kapteni Léopold Joubert, aliishi upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1927, naye alikumbukwa kwa kuwalinda raia dhidi ya wafanya biashara ya watumwa.

Hata hivyo, ulinzi wa silaha haukutosha kila mahali. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop, ambaye naye alikuwa askari wa zamani wa Papa. Chanzo kilikuwa ugomvi na wenyeji juu ya mtoto aliyekuwa chini ya malezi ya misioni. Wageni walidhani wanalea. Wenyeji waliona wamenyang'anywa. Bunduki iliyokuwapo haikuweza kuziba pengo lililosababishwa na kutoelewana. Mapadre waliondoka, na ilipita miaka mingi kabla hawajapata kituo cha kudumu katika nchi hiyo.

Kiongozi wa safari ya Rwanda, Askofu Jean-Joseph Hirth, alikuwa na funzo lake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1854 katika jimbo la Alsace. Mwezi Januari 1892 alikuwa Buganda wakati Wakristo wa madhehebu mawili walipopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe pale Mengo. Kapteni Lugard, akiwa na bunduki za kampuni ya Kiingereza, aliusaidia upande wa Waprotestanti. Misioni ya Rubaga iliteketezwa, naye Hirth akalazimika kukimbia na watu wake. Mtu aliyekwisha kuona dini moja ikigawanyika na kushikiana bunduki hawezi kuingia nchi mpya kwa wepesi wa moyo.

SAFARI YA KWENDA NYANZA

Mwishoni mwa mwaka 1899 Hirth aliondoka katika eneo lake la Ziwa Victoria. Pamoja naye walikuwapo Padre Alphonse Brard, Padre Paul Barthélemy na Bruda Anselme. Nyuma yao ulifuata msafara wa wapagazi waliobeba nguo, shanga, chumvi, dawa, vifaa vya misa na zana za ujenzi. Walikuwapo pia makatekista kutoka Buganda, watu weusi waliokwisha kubatizwa, ambao mara nyingi vitabu huwasahau ingawa wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo.

Hawakuingia Rwanda kwa njia fupi ya mashariki. Walizungukia kusini kupitia Burundi na Usumbura, wakapanda kufuata bonde la mto Ruzizi hadi kusini mwa Ziwa Kivu, wakiwa na kibali na ulinzi wa jeshi la Kijerumani. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanaidai Rwanda kuwa sehemu ya milki yao ya Afrika Mashariki, lakini kwa kweli hawakuwa na watu zaidi ya askari wachache katika vituo vya pwani ya Kivu. Mkuu wao wa kwanza wa kiraia, Daktari Richard Kandt, alianza kazi yake ya ukazi mwaka 1907 tu.

Tarehe 2 Februari 1900 msafara uliwasili Nyanza, makao ya Mwami. Nchi ilikuwa bado haijapona jeraha lake. Mwami Rwabugiri, mpiganaji mkubwa, alifariki mwaka 1895. Mrithi wake Rutarindwa alipinduliwa na kuuawa huko Rucunshu mwaka 1896, na kiti kikatwaliwa na kijana Yuhi Musinga. Madaraka yenyewe yalikuwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare. Baraza hilo lilikuwa na hadhari kubwa. Ofisa wa Kijerumani, Kapteni Ramsay, alipofika mwaka 1897, alionyeshwa mtu mwingine akaambiwa kuwa ndiye mfalme. Kwa baraza la Nyanza hiyo ilikuwa hatua ya ulinzi: mkuu wa nchi haanikwi mbele ya mgeni mwenye silaha kabla nia yake haijajulikana.

Basi Hirth aliomba ardhi ya kujenga. Akapewa, lakini si pale karibu na boma. Alielekezwa Save, upande wa kusini, na tarehe 8 Februari 1900 kituo cha kwanza kikaanza.

KWA NINI NYUNDO?

Ukiiangalia ramani ya vituo vya mwanzo, utaona jambo la ajabu. Baada ya Save kilifuata Zaza, mwaka 1900, katika nchi ya Gisaka upande wa mashariki. Kikafuata Nyundo, mwaka 1901, katika Bugoyi upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka 1903 vikafuata Rwaza katika Mulera na Mibirizi katika Kinyaga. Vyote viko pembezoni. Wafalme wa Nyanza hawakuwa wajinga wa siasa. Kwa kuwaweka wageni mbali, walilinda ikulu yao. Na kwa kuwaweka katika sehemu ambazo utii wake kwa Nyanza ulikuwa wa mashaka, walitarajia kwamba ama wageni watazituliza sehemu hizo, ama zitawachosha wageni.

Bugoyi ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Ni nchi ya rutuba, yenye udongo mweusi wa volkeno, chini ya mlima Nyiragongo wenye urefu wa karibu meta 3,470. Watu wake walilima mbaazi, maharage, mtama na tumbaku, nao walifanya biashara na watu wa ng'ambo ya Kivu kwa mitumbwi na kwa miguu. Koo zilikuwa na ardhi zao na wazee wao, na watu hawakupenda kuamriwa na wajumbe kutoka mbali. Mwami alikuwa na wawakilishi wake huko, lakini kodi ilitolewa kwa manung'uniko. Juu ya hayo, Wajerumani na Wabelgiji wa Dola Huru ya Kongo walikuwa wanagombania mpaka mahali hapo hapo. Ugomvi huo haukutatuliwa hadi mkataba wa mwaka 1910. Wageni wa Nyundo, kwa hiyo, walijenga nyumba yao katika njia panda: kati ya wenyeji na Mwami, kati ya Mjerumani na Mbelgiji, kati ya mlima wa moto na ziwa.

SIKU ZA KWANZA

Padre Barthélemy, ambaye alikuwa katika msafara wa kwanza, ndiye aliyeongoza uanzishaji wa kituo cha Nyundo. Siku za mwanzo za misioni zilifanana karibu kila mahali. Hema hupigwa kwanza. Kisha hujengwa banda la miti na nyasi ambalo hutumika kuwa chumba cha kulala, ghala na kanisa kwa pamoja. Baadaye hutafutwa udongo wa kufyatulia matofali, miti ya kukatia mbao, na maji ya karibu. Wakati wa masika mvua za Bugoyi hazina huruma, na baridi ya usiku katika nyanda hizo za juu humshangaza mtu atokaye pwani.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Msafara ulikuwa na Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichotumiwa njiani na wapagazi, askari na wafanya biashara. Wako waliojua Kiganda. Lakini mama wa Bugoyi aliyekuja na kapu la maharage kulibadilisha kwa shanga hakujua hata kimoja cha hivyo. Kwa muda, neno la mgeni lilipita kwa mkalimani mmoja au wawili kabla ya kumfikia mwenyeji, na kila mkalimani aliweza kupunguza au kuongeza. Hapo kanuni ya Lavigerie ya kujifunza lugha ya wenyeji ilionekana kuwa na maana ya usalama, wala si ya mahubiri tu. Asiyeielewa lugha ya raia hujua tu yale ambayo mkalimani wake anataka ayajue.

Shida ya pili ilikuwa shaka. Kwa nini watu hawa hawana wake? Kwa nini wanapenda kukusanya watoto? Je, watawachukua? Hofu ya namna hiyo haikuwa upuuzi. Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya mapigo. Sotoka iliangamiza ng'ombe katika nchi zote za Maziwa Makuu. Ndui iliua watu. Funza, mdudu ambaye hakujulikana zamani katika sehemu hizi, aliingia kutoka magharibi akalemaza miguu ya maelfu. Misafara ya wageni ilipita wakati huo huo, na watu waliunganisha mambo hayo mawili. Anayekuja wakati wa maafa hushukiwa kuwa ameyaleta yeye.

Kilichopunguza shaka ni kazi za mikono. Mapadre waliosha vidonda, walitoa funza, walitoa dawa. Waliajiri vijana kubeba udongo na miti, wakawalipa kwa vipande vya nguo na shanga. Waliokuja mapema hawakuwa wakubwa wa nchi. Wengi walikuwa vijana, maskini na watu wasio na mtu wa kuwatetea, ambao waliona kwamba pale misioni kuna chakula, kuna nguo na kuna mkubwa wa kukimbilia. Watu wa baraza la Mwami waliwadharau, wakawaita "inyangarwanda", yaani watu wanaoikataa Rwanda. Jina hilo lilikuwa zito: lilimfanya mwanafunzi wa katekisimu aonekane kama mhaini.

JINA LA MKUBWA MDOMONI MWA MDOGO

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenye uchungu, nalo ndilo linalomgusa askari kuliko mengine yote.

Misioni mpya ilihitaji chakula kingi, miti mingi na mikono mingi. Mapadre walikuwa wachache. Kazi ya kwenda vilimani kutafuta vitu hivyo waliachiwa wasaidizi wao, baadhi yao wageni kutoka Buganda, wengine vijana wa mahali waliopata cheo kipya. Wengi wao walikuwa waaminifu, na wako waliofundisha dini kwa uvumilivu mkubwa. Lakini katika vituo kadhaa vya mwanzo, hasa Save, wasaidizi walilaumiwa kwa kunyang'anya mbuzi na vyakula, kupiga watu na kuwalazimisha kubeba mizigo, wakisema wametumwa na Wapadre. Mwenyeji hakuwa na njia ya kujua kama kweli wametumwa. Aliona fimbo, akasikia jina la mkubwa, akatoa mbuzi wake. Moyoni akaandika deni.

Hali kadhalika, wafanya biashara wa ngozi na ng'ombe walizagaa nchini katika miaka hiyo, baadhi yao wakiwa na bunduki na wakijifanya watu wa serikali. Mtu wa kilimani hakuweza kutofautisha kati ya mchuuzi, askari, katekista na mwizi: wote walivaa nguo, wote walisema Kiswahili, wote walitaka mbuzi. Mwaka 1904 hasira ililipuka katika sehemu mbalimbali. Wafanya biashara walishambuliwa, na kituo cha Rwaza kilitishiwa. Majeshi ya Kijerumani yaliitwa, na adhabu ikawaangukia wengi, wakiwamo wasiokuwa na hatia.

Chanzo cha machafuko hayo hakikuwa mahubiri peke yake. Chanzo kikubwa kilikuwa madaraka yasiyo na alama wala mipaka. Mahali ambapo raia hawezi kumtambua mtumishi halali wa serikali, kila mwenye fimbo hugeuka serikali. Ndiyo maana vazi rasmi la askari, namba yake, kitambulisho chake na hati yake ya kazi si mapambo. Ni ahadi kwa raia kwamba nyuma ya mtu huyu yupo mkubwa anayejulikana, ambaye anaweza kushitakiwa kwake.

KIFO CHA PADRE LOUPIAS

Miaka tisa baada ya Nyundo kuanzishwa ulitokea msiba uliotikisa misioni zote za kaskazini. Padre Paulin Loupias, mkuu wa kituo cha Rwaza, alikuwa mtu mwenye nguvu na sauti, aliyezoea kusuluhisha magomvi ya watu. Tarehe 1 Aprili 1910 alikwenda kuingilia shauri la ng'ombe lililomhusu Lukara rwa Bishingwe, mkuu shupavu wa ukoo wa Warashi, ambaye hakuwa tayari kuinama mbele ya wajumbe wa Nyanza. Mazungumzo yaligeuka ugomvi. Padre alijaribu kumzuia Lukara asiondoke. Lukara akawaita watu wake, mikuki ikarushwa, naye padre akafariki.

Jeshi la Kijerumani lilifanya msako wa kulipiza. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, mali ikatwaliwa, lakini Lukara mwenyewe hakupatikana wakati huo. Alikamatwa miaka miwili baadaye, akahukumiwa na kuuawa huko Ruhengeri mwezi Aprili 1912.

Hakuna anayeweza kuusifu uuaji huo. Lakini mwenye busara atauliza: padre alifuata nini katika shauri la ng'ombe kati ya mkuu wa ukoo na wajumbe wa Mwami? Alikuwa anafanya kazi ya hakimu bila kuwa hakimu, na kazi ya polisi bila kuwa polisi. Nia yake yaweza kuwa ilikuwa ya amani. Hata hivyo, mkono uliomshika Lukara haukuwa na hati ya kumkamata, wala haukuwa na kikosi cha kuutuliza umati. Ukamataji ni taaluma. Una sheria zake, maneno yake, idadi yake ya watu na wakati wake. Anayeufanya bila kujua hayo huhatarisha roho yake na za wengine.

Upande wa pili wa msiba huo ni ule msako. Kosa alilifanya mtu mmoja na wenzake. Moto ulizichoma nyumba za kilima kizima. Adhabu ya jumla haimtafuti mkosaji. Inamficha, kwa sababu kila aliyechomewa nyumba yake hupata sababu ya kumpa hifadhi.

MTIHANI WA VITA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Gisenyi iligeuka kuwa mstari wa mbele. Upande mmoja alikuwapo Kapteni Max Wintgens na askari wake wa Kijerumani. Upande wa pili lilikuwapo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi mwezi Septemba 1914, na kwa muda wa karibu miaka miwili waliizuia njia ya Gisenyi, hadi walipolazimika kurudi nyuma mwezi Mei 1916 Wabelgiji waliposonga kwa nguvu kubwa. Majeshi yote mawili yalikula vyakula vya wakulima wa Bugoyi. Yote mawili yalichukua vijana kuwa wapagazi. Baada ya hapo ikaja njaa ya kutisha, ambayo Wanyarwanda waliiita Rumanura, iliyowaua watu wengi sana katika sehemu za kaskazini-magharibi.

Kituo cha Nyundo kilipitia mtihani huo kikiwa karibu kabisa na mapigano. Mapadre nao walikuwa wa mataifa yaliyokuwa yanapigana wenyewe kwa wenyewe huko Ulaya. Hapo ndipo wenyeji walipoweza kupima: je, wageni hawa ni wa Mjerumani, ni wa Mbelgiji, au ni wetu? Katika njaa hakuna katekisimu inayopita kibaba cha chakula. Aliyebaki na watu wakati huo alihesabiwa kuwa mtu wao.

MBEGU ILIYOOTA

Kazi ya wageni ilianza kuwa ya wenyeji mapema kuliko wengi walivyotazamia. Tarehe 7 Oktoba 1917, vita ikiwa haijakwisha, Wanyarwanda wawili wa kwanza, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walipewa upadre huko Kabgayi. Askofu Hirth, ambaye alisisitiza malezi ya mapadre wa Kiafrika tangu mwanzo, alifariki Kabgayi mwezi Januari 1931. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga katika kiti chake, miongoni mwa sababu ikiwa ni kukataa kwake dini ya wageni. Yule aliyekuwa Mwami msafara wa mwaka 1900 ulipofika alimaliza maisha yake uhamishoni.

Mwaka 1952 kilima cha Nyundo kilipata heshima ambayo Padre Barthélemy hangeweza kuiota. Kilifanywa makao ya vikariati mpya, na askofu wake akawa Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda, askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni yote ya Ubelgiji. Alikusanya na kuandika mila, methali na hadithi za Wanyarwanda, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkristo bila kuikataa Rwanda. Lile jina la "inyangarwanda" lilikuwa limepata jibu lake.

Lakini historia ya Nyundo haina mwisho mtamu. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia seminari na kanisa kuu la Nyundo waliuawa humo humo, pamoja na mapadre. Mahali palipojengwa kuwa kimbilio paligeuzwa machinjioni. Waliokuwa na silaha, na ambao wajibu wao ulikuwa kuwalinda raia hao, baadhi yao walikuwa miongoni mwa wauaji au waliwafungulia wauaji njia. Hakuna somo la kijeshi lililo zito kuliko hilo: lango la kanisa, la shule au la hospitali halina nguvu yoyote isipokuwa ile ya heshima ya askari aliye nje.

FUNZO KWA ASKARI WA LEO

Rubavu imebaki kuwa lango. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka Gisenyi kwenda Goma. Mwezi Januari 2002, na tena mwezi Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, maelfu ya watu wa Goma walivuka kuja Gisenyi. Mwezi Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukabomoa nyumba za watu wa Nyundo na vijiji vya jirani. Kila mara mtu wa kwanza aliyekutana na mgeni mwenye hofu alikuwa askari wa zamu. Vikundi vya dini navyo havijaacha kusafiri. Hutoka nchi za mbali kuja kujenga, kutibu na kuhubiri katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo yatufaa kukusanya mambo machache kutokana na siku zile za kwanza.

Kwanza, mgeni apokewe kwa adabu na akaguliwe kwa adabu. Baraza la Nyanza lilikuwa na haki ya kutaka kujua nia ya Hirth. Hadhari haikatazi ukarimu, wala ukarimu haufuti ukaguzi wa hati na mizigo.

Pili, msindikizaji ndiye sura ya msafara. Raia hatakumbuka mahubiri ya siku ya kwanza. Atakumbuka kama askari aliyeandamana na wageni alilipa ndizi alizokula au hakuzilipa.

Tatu, jina la mkubwa lisitumiwe ovyo. Atakayesema "nimetumwa" na aonyeshe aliyemtuma. Na mkubwa, awe padre, ofisa au mkuu wa kituo, hana budi kujua wasaidizi wake wanatenda nini nyuma ya kilima.

Nne, kila mtu na ashike kazi yake. Mhubiri ahubiri, hakimu ahukumu, polisi akamate kwa sheria. Loupias aliuawa mahali ambapo kazi hizo tatu zilikutana katika mtu mmoja.

Tano, lugha ni silaha ya amani. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Lugha ile iliyoingia na misafara, ambayo hapo zamani mkulima wa kilimani aliisikia kwa hofu, sasa ni yake. Askari wa Dar es Salaam, wa Nairobi, wa Kampala na wa Kigali wanaweza kumuuliza mgeni mpakani "Habari za safari?" na wote wakaeleweka. Ni vema neno hilo litangulie mbele ya bunduki kila mara.

Wageni wa Nyundo waliogopewa, wakatumikiwa, wakachukiwa, na hatimaye wengine wakapendwa. Kilichoamua moja au jingine hakikuwa wingi wa bunduki zilizowasindikiza. Kiliamuliwa na mambo madogo ya kila siku: mbuzi aliyelipiwa au asiyelipiwa, kidonda kilichooshwa, neno lililofahamika, mkono uliojizuia. Mambo hayo hayo ndiyo yanayopimwa leo katika kila kizuizi cha barabarani, katika kila doria na katika kila kituo cha mpakani. Raia anatazama, naye hasahau.